Kucha za Miguu Zilizoingiwa na Kuvu
(Somo la afya kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni)

Leo tutazungumza juu ya kucha za miguu, na juu ya ugonjwa unaozifanya ziwe nene na kubadilika rangi. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno haya matano: ukucha, kuvu, unyevu, wembe, milimita. Ninyi nyote yasomeni kwa sauti, polepole, mara mbili.

(Hapa palipigwa muziki kwa dakika moja.)

Vema. Sasa nitawaeleza jambo nililoliona mwenyewe. Nilikwenda kukagua darasa moja la jioni ambalo wanafunzi wake huketi juu ya mikeka, kwa hiyo kila mtu huvua viatu mlangoni. Mzee mmoja hakuingia. Alikaa nje karibu na dirisha, amevaa mabuti yake, akifuata somo kwa kuchungulia. Nilidhani amechelewa akaona haya. Baadaye mwalimu akaniambia kwamba mzee huyo ni mlinzi wa usiku, na kwamba hukaa nje siku zote kwa sababu ya kucha zake. Watu walikuwa wamempa maneno. Mmoja alisema amelogwa, mwingine akasema ni ukoma. Basi yeye akaona heri apate nusu ya somo dirishani kuliko kuonyesha miguu yake mbele ya watu.

Haukuwa ukoma, wala hakuna aliyemloga. Ilikuwa ni kuvu, ambayo wengi wetu twaiita fangasi.

Kuvu ni nini? Mmekwisha kuiona juu ya mkate uliolala siku nyingi, au juu ya mkanda wa ngozi uliosahauliwa kabatini wakati wa masika. Kuvu ni kiumbe hai, na aina zake ni nyingi mno. Ziko zinazokula mkate, ziko zinazokula mti uliooza, na ziko chache zinazokula kitu kile kinachofanya kucha zetu, nywele zetu, na hata pembe na kwato za ng'ombe. Kitu hicho huitwa keratini. Kwa kuvu hizo ukucha ni chakula, na buti lenye jasho ni nyumba nzuri, maana ndani yake mna giza, joto na unyevu.

Aghalabu ugonjwa hauanzii katika ukucha. Huanzia katikati ya vidole, hasa kati ya kidole cha mwisho na kile kinachokifuata, mahali ambapo vidole vimebanana na hapakauki upesi. Ngozi ya hapo hugeuka nyeupe, huwasha, huchubuka na kunuka. Mtu hujikuna, akaona ni jambo dogo, akaliacha. Miezi ikipita, kuvu huingia chini ya ukucha kwa mbele au kwa pembeni. Ukucha hupata baka jeupe au la manjano, kisha huwa mnene, humeguka kama chokaa ya ukutani, na chini yake hukusanyika ungaunga. Wenye umri mkubwa hupatwa zaidi, kwa kuwa kucha zao hukua polepole. Watoto hupatwa kwa nadra.

Yafaa tuseme pia kwamba si kila ukucha mbaya una kuvu. Yapata nusu ya kucha zilizoharibika zina sababu nyingine: kiatu kinachobana, kujikwaa kwenye jiwe, funza waliokaa pembeni mwa ukucha, au magonjwa mengine ya ngozi. Kwa hiyo mganga mwangalifu hukwangua kidogo ule ungaunga akaupeleka kupimwa kwa hadubini kabla ya kukupa dawa ya miezi mitatu. Ukiweza kupata kipimo hicho, kiombe.

Na kuna jambo moja nisilotaka mlisahau. Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika, ambaye nyimbo zake wengi wenu mnazijua, alikuwa na doa chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Mwaka 1977 waganga walitambua kwamba ni saratani ya ngozi. Alifariki mwaka 1981, naye ana umri wa miaka 36 tu. Sisi watu weusi mara nyingi tuna mistari myeusi kwenye kucha kadhaa, na mingi haina neno. Lakini mstari mmoja mweusi uliotokea juzijuzi katika ukucha mmoja, nao unapanuka, huo si wa kungojea. Nenda hospitali, umwonyeshe daktari.

Wenye kisukari nao wasikilize kwa makini. Kisukari kikikaa mwilini miaka mingi huweza kuondoa hisia miguuni, na damu ikawa haifiki vizuri vidoleni. Basi ukucha mnene hubonyeza nyama, hufanya kidonda, na mwenyewe hasikii maumivu. Kidonda kikioza, mtu aweza kukatwa kidole, au mguu. Mwenye kisukari na aitazame miguu yake kila jioni, chini na juu na katikati ya vidole. Kama haoni vizuri, mjukuu amtazamie. Kucha zake asizichokonoe mwenyewe kwa kisu.

Turudi kwa mzee wetu. Kabla hajaonana na mganga alikuwa amejaribu mafuta ya taa, kisha kitunguu saumu, na mwisho rafiki yake fundi magari akampa maji ya betri. Maji ya betri ni asidi! Yaliunguza nyama ya kidole, na kuvu ikabaki palepale chini ya ukucha, imestarehe. Simlaumu, kwa maana mtu aliyechoka kuaibika hujaribu lolote. Lakini nawaombeni, msifanye hivyo, wala msimpe mtu shauri la namna hiyo.

Dawa ya kweli ipo. Ikiwa ugonjwa bado uko katikati ya vidole tu, krimu ya kuua fangasi, kwa mfano ya klotrimazoli, hutosha. Ipake baada ya kuosha na kukausha, nawe usiache siku ile mwasho unapokoma. Endelea kama mganga alivyosema, maana kuvu hubaki hata baada ya mwasho kwisha. Lakini krimu haipenyi ukucha mnene. Ikiwa kuvu imeingia ukuchani kidogo tu, kuna dawa ya kupaka kama rangi ya kucha, nayo hutumika kwa miezi mingi, hata mwaka. Ikiwa imeingia sana, hutolewa vidonge. Vinavyotumika zaidi siku hizi ni vya terbinafini, kidonge kimoja cha miligramu 250 kwa siku, kwa wiki 12. Kwa kucha za mikono ni wiki 6. Vidonge hivi si vya kununua kwa kunong'onezana dukani, kwa sababu kwa watu wachache huweza kudhuru ini. Mganga ataweza kutaka kupima damu kwanza, naye aambiwe kama una mimba, unanyonyesha, unakunywa pombe, au unatumia dawa nyingine.

Mzee alipewa vidonge, akameza kwa wiki nne, akatazama ukucha wake, akauona vilevile. Akasema, "Hii dawa haina kazi," akaacha. Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami ndipo nataka tukae kidogo.

Dawa haiwezi kuusafisha ukucha uliokwisha kuharibika. Huilinda sehemu mpya inayoota kutoka shinani, na ile mbovu husukumwa mbele taratibu mpaka ikakatwa. Ukucha wa kidole gumba cha mguu hukua kiasi cha milimita 1 na nusu tu kwa mwezi. Ule wa mkono hukua karibu mara mbili ya hapo. Ndiyo maana vidonge huisha baada ya wiki 12 na ukucha bado mbaya. Usishtuke, kwa kuwa dawa hubaki ndani ya ukucha kwa miezi kadhaa. Mganga alimfundisha mzee jambo rahisi: chukua msasa wa kucha, tia alama ndogo juu ya ukucha, pale sehemu nzima inapokutana na sehemu mbovu, kisha utazame kila mwezi. Alama ikisogea mbele na nyuma yake pakiwa pasafi, dawa inafanya kazi. Akaanza upya, safari hii kwa kuhesabu.

Juu ya kujikinga sitasema mengi, kwa sababu mengi mwayajua. Osha miguu kwa sabuni, na baada ya kuoga, au baada ya kutia udhu, kausha katikati ya kila kidole kwa kitambaa chako mwenyewe. Vaa ndara katika bafu la watu wengi. Soksi zibadilishwe kila siku, zifuliwe, zianikwe juani. Ukiwa na viatu jozi mbili, vaa hivi leo na vile kesho ili vipate kukauka. Mwenye buti moja tu, kama mlinzi, na ajaze karatasi za gazeti ndani yake wakati analala, zitanyonya jasho. Kucha zikatwe moja kwa moja, zisichimbwe pembeni. Na wembe wa kucha usiwe wa nyumba nzima. Akina mama mnaotengenezewa kucha na vijana wanaopita mitaani na beseni, mwambieni kijana atumie vyombo vyenu, ninyi mkae navyo nyumbani. Atakubali tu, yeye ataka fedha yake.

Sasa hesabu ya leo. Mwalimu na aandike ubaoni: Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa mzee una urefu wa milimita 18. Hukua milimita 1 na nusu kwa mwezi. Je, ukucha mpya utachukua miezi mingapi kufika mwisho wa kidole? Andikeni jibu katika daftari, na chini yake andikeni sentensi tatu juu ya jinsi ya kukausha miguu. Jibu la mzee mwenyewe ninalo, nitalisoma mwanzo wa somo lijalo. Aliniandikia kwa mkono wake, kwa penseli, akiwa ameketi ndani juu ya mkeka.