Posa ya Nyumbani: Magumu Yaishe Kabla Wageni Hawajaketi

Mpunga ukishaingia ghalani na njia za Kyela zikakauka, ndipo washenga huanza kupita. Huku Mwaya, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ni nadra mzazi kuita wageni mwezi wa Aprili, wakati mito imefurika na maji yamesimama mashambani. Miezi ya kiangazi ndiyo miezi ya barua za posa, na nyuma ya barua hufuata swali ambalo siku hizi limekuwa zito kuliko linavyostahili: shughuli ya kumvisha binti pete ifanyiwe wapi, na kwa ukubwa gani?

Sisi twaona ifanyiwe nyumbani kwa wazazi wa binti, na iwe ndogo. Hatusemi hivi kwa ubahili. Posa ni ahadi ya ndoa, si ndoa yenyewe. Mchumba angali mtu kando kwa binti, na ahadi hiyo yaweza kuvunjwa na upande wowote wenye sababu ya haki. Familia inayokodi ukumbi, ikashonesha sare na kuchangisha ukoo mzima, huigeuza ahadi hiyo kuwa jambo lisilorudi nyuma bila fedheha, na fedheha hiyo kwa kawaida humwangukia binti. Aliyegundua tabia mbaya ya mchumba wake majuma matatu baada ya kuvishwa pete mbele ya watu mia tatu, atapata wapi ujasiri wa kumwambia baba yake kwamba hamtaki tena? Mbele ya watu ishirini, ujasiri huo huja kwa wepesi zaidi. Hilo peke yake latosha kuwa hoja.

Tena karamu aliyoihimiza Mtume (SAW) ni ile ya ndoa. Katika hadithi iliyo mashuhuri, Abdurrahman bin Auf alipooa aliamrishwa afanye walima, walau kwa mbuzi mmoja. Ikiwa mbuzi mmoja watosha nikaha, sijui kwa nini posa ihitaji ng'ombe wawili na mpiga picha kutoka Mbeya mjini.

Tumetaja ng'ombe, na katika Unyakyusa hapo ndipo penye mtihani. Kwa desturi za hapa, mahari ni ng'ombe, na ng'ombe ni wa baba wa binti na ukoo wake. Leo aghalabu huhesabiwa kwa fedha. Kwa Uislamu, mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, kama inavyobainishwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 4. Familia nyingi za Kiislamu za Kyela zina babu na wajomba wanaoijua desturi vizuri kuliko aya, na mambo haya mawili yakikutanishwa kwa mara ya kwanza ukumbini, mbele ya sahani za wali, shughuli huharibika. Mjomba hutaja idadi yake, upande wa kijana huanza kunong'ona, na binti aliye chumbani husikia bei yake ikibishaniwa na watu ambao wengine hawajui hata jina lake.

Utulivu wa siku ya posa hutengenezwa siku nyingi kabla. Mshenga aende mara mbili au tatu, bila chakula na bila hadhira. Binti aulizwe faraghani anataka nini, naye atamke mahari yake kwa kinywa chake. Ikiwa wazee wana haja ya kuheshimiwa, na wana haki ya kuheshimiwa, kijana atoe zawadi kwa baba, mama na mjomba, iitwe zawadi, wala isichanganywe na mahari. Kisha yote yaandikwe: hiki ni mahari, hiki ni zawadi, hiki ni gharama ya shughuli. Wanazuoni wanakubaliana kwamba mahari iliyotangulizwa hurudishwa ikiwa nikaha haikufungwa. Kuhusu zawadi wamehitilafiana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inaipa mahakama uwezo wa kuamuru irudishwe zawadi iliyotolewa kwa sharti la ndoa ambayo haikutimia. Karatasi moja yenye saini za mashahidi wawili huepusha ugomvi wa miaka mingi.

Hayo yakiisha, siku yenyewe huwa nyepesi. Wageni waje baada ya swala ya Alasiri na waondoke kabla ya Magharibi. Saa mbili hizi zatosha, na wakazi wa ufukweni wanajua vyema jinsi mbu wa jioni wanavyofukuza watu kuliko mwenyeji yeyote. Wanaume wakae uani chini ya mwembe, juu ya mikeka na viti vya kuazima kwa majirani. Wanawake wakae ndani. Mpango huu ni adabu yetu ya dini, lakini wazee wa Kinyakyusa nao wataufurahia kwa sababu yao wenyewe. Zamani hapa mke wa mwana hakukutana uso kwa uso na baba mkwe wake. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa katika miaka ya 1930, waliieleza desturi hiyo kwa urefu. Kwetu sisi baba mkwe huwa maharimu baada ya nikaha, hivyo hakuna haja ya kukimbiana maisha yote. Lakini siku ya posa nikaha bado, na bibi mwenye miaka themanini akiona mjukuu wake hapitishwi mbele ya wakwe, moyo wake hutulia.

Pete, ikiwa mmependa iwepo, avishwe na mama wa kijana au shangazi yake, huko huko ndani kwa wanawake. Si sharti la posa, na kijana hana ruhusa ya kuushika mkono wa binti kwa sababu tu simu ziko tayari kupiga picha. Kumwona mposwa wake, hilo ameruhusiwa; Mtume (SAW) alimwelekeza Mughira bin Shu'ba amtazame mwanamke aliyekusudia kumwoa. Lakini hilo nalo lilipaswa kufanyika mapema, mbele ya maharimu wa binti, kabla pete haijanunuliwa.

Ukoo wa huku haugawanyiki kwa dini. Wamoravian na Walutheri wamekuwa Unyakyusa tangu 1891, na ni nadra kupata Mwislamu wa Mwaya asiye na baba mdogo anayekwenda kanisani Jumapili. Waalikwe wote. Baba mdogo akitaka kuchangia kuku, aombwe kwa heshima amlete akiwa hai, achinjwe hapo nyumbani na Mwislamu. Wazee waliozoea kwamba posa haikamiliki bila kimpumu waelezwe na mshenga mapema, si mlangoni. Wengi huelewa wakiambiwa kwa staha, hasa chai ya maziwa ikiwa imeiva vizuri.

Kuhusu chakula hatuna mengi ya kufundisha watu ambao mchele wao hutafutwa hadi Dar es Salaam. Wali, kuku wa kienyeji, samaki wa ziwani na ndizi vyatosha. Joto la bonde hili halina huruma, kwa hiyo kipikwe siku ile ile, na mboga zenye nazi zipikwe mwisho. Wenye kakao wasisubiri malipo ya mnada ndipo wapange wageni, maana malipo huweza kuchelewa na mkopo wa posa ni mwanzo mbaya wa nyumba. Na iwapo wakwe wanatoka Mbamba Bay kwa meli, uliza ratiba kwanza kisha ndipo uitaje tarehe.

Kabla ya dua, mshenga asimame na kusema jambo moja tu: siku ya nikaha. Iwe karibu, ikiwezekana kabla mvua hazijarudi.