Moto Hauzuki, Huwashwa

Kila mwaka, ninapofika kwenye somo la kauli za kitenzi cha Kiswahili mbele ya wanafunzi wangu wa chuo kikuu, hukumbuka moshi. Naomba radhi ya msomaji nieleze sababu yake. Safari yenyewe ilikuwa fupi, tena ya matembezi tu, lakini funzo lake halijanitoka hadi leo.

Ilikuwa mwezi wa Machi mwaka 2009. Ukame ulikuwa umeikamata nchi, na nyasi za Bonde la Ufa zilikuwa zimekauka hata ukizikanyaga hukatika kama vijiti. Wakati huo nilikuwa ndiyo kwanza naanza kazi ya ualimu, nikikaa Kiamunyi, chini ya Menengai, kando ya barabara itokayo Nakuru kuelekea Kabarak. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, alikuwa hajapata kuliona jiji la Nairobi. Nilikuwa nimemwahidi kwamba likizo fupi ya katikati ya muhula ikifika nitampeleka huko kwa siku mbili. Ijumaa jioni tungetazama mchezo wa kuigiza. Jumamosi tungezunguka katika maduka ya vitabu. Jumapili tungeingia Makumbusho ya Taifa, yaliyokuwa yamefunguliwa upya mwaka 2008 baada ya ukarabati mkubwa, kisha turudi nyumbani.

Safari ya kutoka Nakuru hadi Nairobi ni ya kilomita 160 hivi, na kwa kawaida haimalizi saa tatu. Tuliondoka saa nne asubuhi. Baada ya Naivasha, dereva wa matatu yetu aliiacha barabara ya juu na kufuata ile ya chini inayopita kando ya mlima Longonot kwenda Mai Mahiu. Hapo ndipo tulipoona kwamba mlima ulikuwa umevaa kilemba cha moshi. Kadiri tulivyokaribia, kilemba kile kiligeuka kuwa ukuta. Upepo wa adhuhuri uliusukuma moshi hadi barabarani, taa za magari zikawashwa mchana, na mwishowe foleni ikasimama. Harufu ya leleshwa ilitujaa puani. Mmea huo una mafuta majanini, na ukishikwa na moto wakati wa kiangazi hulipuka kama uliomwagiwa mafuta ya taa.

Tulikaa pale saa nyingi. Katika wiki zile moto ulikuwa umeila Hifadhi ya Taifa ya Longonot, na misitu mingine ya Bonde la Ufa nayo ilikuwa ikiungua. Mchezo wa kuigiza tulikuwa tumekwisha kuukosa. Lakini ndani ya matatu yetu kulikuwa na mchezo mwingine.

Redio ya gari ilitangaza kwa maneno machache: moto umezuka katika mlima Longonot. Mara abiria wakaanza kuulizana umezukaje. Mama mmoja mfanyabiashara alisema ni kazi ya wachoma makaa. Kijana aliyekaa nyuma akashikilia kwamba ni warina asali, ambao hutumia moshi kuwafukuza nyuki na kisha huondoka bila ya kuzima vijinga vyao. Mwingine akasema la, ni wafugaji, wanaochoma nyasi kuukuu ili mvua ikinyesha yachipuke majani mapya. Sauti zikapanda. Baada ya muda mfupi watu waliacha kutaja kazi wakaanza kutaja makabila. Karibu na dirisha alikaa mzee mmoja aliyevaa shuka, masikio yake yametogwa, kimya. Macho yakaanza kumwendea yeye. Mtu mmoja akamwambia, bila hata ya kumwamkia, "Nyinyi ndio mnaotuchomea nchi."

Mpwa wangu aliniinamia akaniuliza kwa sauti ambayo haikuwa ndogo kama alivyodhani: "Mjomba, kwani huyu mzee si tulipanda naye Nakuru?"

Gari zima lilinyamaza. Dereva akageuza, tukarudi Naivasha kuifuata barabara ya juu, na tukaingia Nairobi saa tatu usiku, macho mekundu na nguo zikinuka moshi.

Mpenzi msomaji, sisi wakazi wa Nakuru na viunga vyake tunajua kidole kikishanyoshwa huweza kufika wapi. Tuliyaona mwaka 1992 kule Molo, na tukayaona tena mjini mwetu mwezi wa Januari mwaka 2008, mwaka mmoja tu kabla ya safari hiyo. Ndiyo maana sikuweza kuyachukulia maneno ya gari lile kuwa ni soga za wasafiri waliochoshwa na foleni.

Sasa na tukiangalie kitenzi chenyewe. Kiswahili kina jozi nyingi za vitenzi ambapo kimoja hueleza jambo lililotokea na cha pili hueleza kitendo cha aliyelifanya litokee. Moto huwaka, mtu huuwasha. Mti huanguka, mtu huuangusha. Nyumba huungua, mtu huiunguza. Vivyo hivyo kitu huzuka, na mtu hukizusha. Ukitumia kitenzi cha kwanza katika kila jozi, humlazimu msikilizaji kumtafuta mtu yeyote. Ukisema "nyasi zilichomwa", bado umeacha mlango wazi, maana waweza kuulizwa, zilichomwa na nani? Ukisema "nyasi zilichomeka", mlango umefungwa, kwa kuwa kauli ya kutendeka haimpi mtenda kiti cha kukalia. Nacho kitenzi kuzuka ni ndugu wa mzuka, yule anayetokea ghafla pasipo na njia aliyoijia, na wa uzushi, neno lisilo na mwenyewe.

Wako wanaodai kwamba lugha ndiyo hutufikirisha tunavyofikiri. Mimi siwafuati hadi huko. Lugha yetu imetupa vitenzi vyote viwili, na anayechagua ni msemaji. Aghalabu tunachagua kile kinachotusitiri. Mtoto husema kikombe kimevunjika. Dereva husema breki zilikatika. Afisa husema fedha zimepotea. Nasi sote husema moto umezuka, ijapokuwa twajua kwamba radi, ambayo ndiyo ingeweza kuwasha msitu pasipo mkono wa mtu, haipigi katika anga kavu lisilo na wingu.

Nina sababu nyingine ya kulijua jambo hili, nayo sikuipata katika kitabu. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa nilikuwa nikichunga ng'ombe wa baba yangu upande wa Rongai. Siku moja ya kiangazi niliwasha moto nichome viazi. Upepo ulikuja. Moto ulitambaa kwenye nyasi, ukavuka ua, ukateketeza rundo la mabua ya mahindi ambalo jirani yetu alikuwa amewawekea ng'ombe wake hadi mvua zirudi. Jioni baba aliniuliza kumetokea nini. Nilijibu, "Baba, moto umezuka." Sikumtaja mtu. Kisarufi sikusema uongo. Lakini pengo nililoliacha katika sentensi ile halikukaa wazi hata siku mbili. Jirani alikuwa na kijana wa kumchungia, aliyetoka mbali, asiye na ndugu karibu. Ikasemwa ni yeye. Alifukuzwa bila ya mshahara wake, nami nilimwona akipita njiani na kifurushi begani. Sikufungua kinywa.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo. Sentensi isiyo na mtenda haibaki hivyo. Watu huijaza, na mara nyingi huijaza kwa jina la mnyonge, la mgeni, au la yule aliyevaa tofauti. Kwa hiyo tunaposema moto umezuka hatumsitiri mkosaji tu, bali pia tunamweka hatarini asiye na kosa.

Dawa yake si kulaumu zaidi, bali ni kusema kwa uangalifu zaidi. Chukua mfano wa mlima Kilimanjaro. Mwezi wa Oktoba mwaka 2020 moto uliunguza sehemu kubwa ya mimea ya mlima huo, na watu wengi, wakiwemo wanafunzi, walipanda kusaidia kuuzima. Taarifa za mwanzo za wasimamizi wa hifadhi nchini Tanzania zilisema huenda ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha moto chakula cha wageni katika eneo la Whona. Hapo pana mahali, pana kitendo, pana watenda, na pana neno huenda, linaloonyesha kwamba uchunguzi haujafika mwisho. Hapakutajwa kabila la mtu.

Taarifa hiyo ina kitu cha tano: chakula kilikuwa cha wageni. Mpagazi hakuwasha jiko kwa ajili ya tumbo lake peke yake. Kiswahili kina kauli mahsusi kwa jambo hilo, nayo ni kauli ya kutendea. Kuchoma ni kitendo cha mmoja, lakini kuchomea kunauliza, kwa ajili ya nani? Tulipokuwa tukirudi Kiamunyi Jumapili ile, moshi ukiwa umepungua, tuliona magunia ya makaa yamepangwa kando ya barabara kama ilivyokuwa desturi, na magari ya watu wa mjini yamesimama kuyanunua. Mimi mwenyewe nilikuwa mteja wa magunia hayo, na laiti tungekuwa na gari letu huenda ningesimama siku hiyo pia. Mpwa wangu akaniuliza, "Haya makaa wanamchomea nani?" Alikuwa ameitumia kauli ya kutendea barabara kabisa, nami mwalimu wake sikuwa na jibu ambalo halikunihusu.

Siwatetei wanaochoma misitu. Sheria ya Misitu ya Kenya ya mwaka 2016 inakataza kuwasha moto msituni bila ya idhini, na mwenye kuvunja sheria na afikishwe mahakamani kwa jina lake na kwa ushahidi. Wala sisemi kwamba kila moto ni uovu. Wafugaji wa Bonde hili walitumia moto kwa vizazi vingi kuotesha malisho na kuangamiza kupe, wakijua msimu wake na upepo wake. Hata wazima moto hukata njia ya moto mkubwa kwa kuchoma ukanda mdogo mbele yake, wakathibitisha kwamba dawa ya moto ni moto. Ninachosema ni kwamba moto wenye mwenyewe hulindwa na mwenyewe, ilhali ule uliozuka hauna mtu wa kuulinda wala wa kuuzima.

Ile Jumapili, kabla ya kurudi, tulifika Makumbusho kama tulivyopanga. Tulisimama mbele ya masalio ya yule kijana wa Turkana, yaliyogunduliwa Nariokotome mwaka 1984, ambaye aliishi zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita. Nilimsimulia mpwa wangu kuhusu Chesowanja, karibu na ziwa Baringo, ambako wataalamu walieleza mwaka 1981 kwamba wamepata vipande vya udongo uliochomwa, vyenye umri wa miaka milioni 1.4 hivi, pamoja na zana za mawe. Baadhi yao walisema moto ule uliwashwa na watu wa kale. Wengine wakasema labda ulikuwa moto wa nyikani tu uliopita pale. Ubishi huo haujakwisha. Kijana akacheka, akasema, "Kumbe hata wao hawajui ulizuka au uliwashwa." Nikamwambia tofauti iko hapa: wale wataalamu hawajachoka kuuliza, na hawajamfukuza mtu kwa jibu wasilolijua.

Mwalimu mwenzangu, moto wa kiangazi utarudi. Mwezi wa Julai mwaka 2023 maelfu ya watalii walihamishwa kutoka mahoteli yao katika kisiwa cha Rhodes, Ugiriki, likizo zao zikiwa zimekatizwa na moto wa msituni, kwa hiyo hili si balaa letu peke yetu. Lakini insha juu ya moto husahihishwa katika madarasa yetu kila mwaka. Mwanafunzi akiandika "moto ulizuka", usiikatie alama, maana sarufi yake ni sahihi. Mwandikie pembeni maswali matatu: Nani aliwasha? Umejuaje? Aliwasha kwa ajili ya nani? Asipojua, basi na aandike kwamba bado haijulikani, ambayo pia ni sentensi kamili ya Kiswahili.

Nawe mwanafunzi, siku utakapoulizwa na mzazi au mwalimu wako kumetokea nini, usijifiche nyuma ya kitenzi. Kijana yule wa jirani yetu sikumwona tena. Nimekuwa na muda wa zaidi ya miaka 30 kuitunga upya sentensi niliyopaswa kumwambia baba, nayo ina maneno matatu tu: Niliwasha moto mimi.