Kichakataji Hujaribiwa Kabla Hakijachongwa

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza kuingiza matrekta Tanganyika, kwa mradi uliofika Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikilenga kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni tatu. Udongo na mvua havikupimwa kwanza kwa mashamba madogo ya majaribio. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na hasara ilifikia takriban pauni milioni 36. Watu wa Nachingwea, Mnero na Ruangwa, waliorithi historia hiyo, wanajua gharama ya kuanza kwa ukubwa bila kujaribu. Wabunifu wa vichakataji vya kompyuta nao wanaiogopa gharama hiyo, na kinga yao ni programu iitwayo kiigaji.

Kichakataji ndicho kinachotekeleza maagizo ya programu ndani ya kompyuta na simu. Huchukua agizo kutoka kwenye kumbukumbu, hulitambua, hulitekeleza, huhifadhi jibu, kisha hulifuata agizo jingine, hata mara mabilioni kwa sekunde. Vichakataji vingi vya leo vina mabilioni ya transista kwenye kipande cha silikoni kisichozidi ukucha kwa mbali, na kikishachongwa, nyaya zake hazibadilishiki. Mwaka 1994 Thomas Nicely, profesa wa hisabati nchini Marekani, aligundua kwamba Pentium, kichakataji cha kampuni ya Intel, ilikosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Chanzo kilikuwa namba zilizokosekana kwenye jedwali la ndani. Kampuni ilitenga dola milioni 475 kugharimia kosa hilo.

Kiigaji ni programu inayotenda kama kichakataji, ilhali ndani yake hamna waya hata mmoja. Rejista (vihifadhi vidogo vya ndani), kumbukumbu na mapigo ya saa vyote ni namba zinazotunzwa na programu. Mbunifu akitaka kuongeza kumbukumbu au kubadili mpangilio wa hatua, hubadilisha mistari michache, huendesha tena, na husoma matokeo. Akikosea, amepoteza muda tu.

Viigaji viko vya aina mbili kuu. Vya kufundishia huonyesha kila hatua kwenye skrini. MARS, iliyotoka Chuo Kikuu cha Missouri State, huendesha maagizo ya MIPS, aina mojawapo ya vichakataji. Ripes huchora njia za ndani za kichakataji cha RISC-V, mfumo wa maagizo ulioanza Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010 na ambao hautozwi ada ya leseni. Vya utafiti ni kama gem5, iliyotangazwa mwaka 2011 baada ya kuunganishwa kazi za vyuo vikuu vya Michigan na Wisconsin. Hiyo huweza kuiga kompyuta nzima pamoja na mfumo wake wa uendeshaji, lakini kwa uigaji wa kina, sekunde moja ya kichakataji halisi huweza kuchukua saa kadhaa.

Faida ya kiigaji huonekana kwenye suala la kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyomo ndani ya kichakataji. Chukua jedwali la uzito wa korosho na ufuta lenye mistari 1,000 na safu 1,000, kila namba ikichukua baiti 4. Kashe ina kilobaiti 32, na kila safari ya kwenda kumbukumbu kuu huleta kipande cha baiti 64, yaani namba 16 zilizopangana kwenye mstari mmoja. Ukijumlisha mstari kwa mstari, safari ni 62,500. Ukishuka safu kwa safu, unagusa vipande 1,000 kabla ya kurudia cha kwanza, ilhali kashe inabeba 512 tu. Kila kipande hutolewa kabla hujakihitaji tena, na safari zinakaribia milioni moja. Namba ni zilezile na jumla ni ileile, ila safari zimekuwa karibu mara 16. Kitabu kinaweza kueleza jambo hilo. Kiigaji humfanya mwanafunzi aligundue mwenyewe kwa kubadili ukubwa wa kashe na kuhesabu upya.

Hata hivyo, kiigaji hakisemi ukweli wote. Kinajibu kwa mujibu wa dhana alizoziweka aliyekiandika. Ikiwa muda wa kufika kumbukumbu kuu umekadiriwa vibaya, matokeo yatapotosha, hata yakiwa na desimali nyingi. Ndiyo maana watafiti makini hulinganisha uigaji na kichakataji halisi kabla ya kutangaza lolote, na majaribio machache hayatoshi kufichua kila kasoro.

MARS na Ripes ni za bure, huwekwa kwenye flashi, na zikishawekwa kwenye kompyuta hazihitaji bando. Kompyuta ya zamani inatosha kuendesha mazoezi ya kuanzia. Kwa hiyo ujuzi huu haupaswi kubaki Dar es Salaam peke yake. Walimu wa kompyuta wa Mnero, Nachingwea na Ruangwa, anzeni na agizo moja la kujumlisha, lifuateni hatua kwa hatua mkieleza kwa Kiswahili, kisha mwacheni mwanafunzi abadilishe na aharibu apendavyo. Wakuu wa shule, fungueni chumba cha kompyuta hata baada ya vipindi. Nchi inayotaka wabunifu wa mashine lazima iwape vijana wake mahali pa kukosea bila hasara, na mahali hapo tayari papo, bure.