Faida Isiyo na Jasho



Mwaka 1920, mjini Boston, Marekani, Charles Ponzi, mhamiaji kutoka Italia, aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Miongoni mwa waliomwamini walikuwa wahamiaji wenzake. Fedha za waliokuja nyuma ndizo alizowalipa waliotangulia, nao wakawa wapiga debe wake, hadi alipokamatwa Agosti mwaka huo.

Nyumbani nako, mwaka 2009, Serikali ya Tanzania iliisimamisha DECI, ambayo wanachama wake “walipanda mbegu” wakingojea mavuno.

Sheria ina mkono mrefu, lakini mara nyingi hufika fedha zikiwa zimekwisha kutoweka. Kwa hiyo elimu ndiyo ngao ya kwanza. Kabla ya kutoa akiba yako, uliza: faida hii yatokana na kazi gani? Mbona naharakishwa? Je, mpokeaji ana kibali? Hapa Uingereza daftari la mamlaka ya FCA li wazi kwa kila mtu, bila malipo.

Kusali pamoja na kuzikana ni undugu, si leseni. Tuulize bila haya, kwani mwaminifu hachukizwi na swali.