Kabla ya Kufunga Ringi Mpya za Pikipiki, Pima Mwanya

Leo tunaweka kando mbegu na viuatilifu tuongelee pikipiki. Najua kuna atakayesema, bwana shamba na injini wapi na wapi? Lakini kwa kijana anayelima nyanya au mboga za biashara, pikipiki ni nyenzo ya shamba kama jembe. Ikilala gereji wiki nzima katikati ya mavuno, nyanya zinaoza na mnunuzi anahamia kwa jirani.

Tatizo ninalokutana nalo sana ni hili: injini inatoa moshi wa bluu, inakula oili, na mlimani haina nguvu. Fundi anasema badili ringi. Zinanunuliwa, zinatolewa kwenye pakiti na kufungwa hapo hapo. Baada ya muda mfupi moshi unarudi, au mbaya zaidi, injini inajamu ikiwa na mzigo. Mara nyingi kilichorukwa ni kipimo kimoja cha dakika chache tu: mwanya wa ringi, ule ambao mafundi wanauita gepu.

Mwanya huo ni wa nini?

Ringi imekatwa sehemu moja. Ikiwa ndani ya silinda, ncha zake mbili zinakaribiana lakini hazitakiwi kugusana. Sababu ni joto. Chukua pistoni ya milimita 56.5, ile ya injini za cc 125 za aina ya CG. Mzunguko wa ringi yake ni kama milimita 177. Ringi hiyo ya chuma ikizidi joto la silinda kwa nyuzi 100, inarefuka karibu milimita 0.2. Hiyo 0.2 lazima ipate pa kwenda.

Mwanya ukiwa mdogo mno, ncha zinagongana, ringi inakwaruza silinda, inavunjika au injini inajamu. Ukiwa mkubwa mno, mgandamizo unavuja kwenda chini, oili inachafuka haraka na nguvu inapungua.

Jinsi ya kupima

1. Safisha silinda vizuri. Hakikisha ringi, pistoni na silinda ni saizi moja: standadi kwa standadi, 0.25 kwa 0.25.
2. Ingiza ringi peke yake ndani ya silinda, bila kuivalisha kwenye pistoni. Isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, isiwe upande. Ikikaa upande kipimo kitakudanganya.
3. Ishushe sentimita 2 hivi kutoka juu, kisha pitisha fila kwenye mwanya. Bamba linalopita kwa kukwaruza kidogo, huku linalofuata kwa unene likikataa, ndilo kipimo chako.
4. Rudia karibu na mwisho wa chini wa silinda, halafu linganisha.
5. Fanya hivyo kwa kila ringi. Usipime moja ukaamini nyingine ziko sawa.

Kipimo sahihi kiko kwenye kitabu cha injini yako, na hicho ndicho cha kufuata. Kama huna kitabu, zidisha kipenyo cha silinda kwa 0.004 upate makadirio. Kwa 56.5 inakuja kama 0.23. Kwa injini hizi ndogo, ringi mpya ikionyesha zaidi ya 0.5, simama kwanza.

Mwanya mkubwa unakuambia nini?

Hapa ndipo hela nyingi zinapotea. Kuna kijana mmoja, mkulima wa nyanya, alibadili ringi mara tatu na moshi haukukoma. Tulipopima, ringi mpya ilitoa 0.80 juu na 0.35 chini. Ringi ni ile ile, kwa hiyo kilichobadilika ni silinda. Chukua tofauti, 0.45, gawa kwa 3.14, unapata 0.14. Yaani silinda ilikuwa imelika juu kwa milimita 0.14 kuliko chini. Hata angenunua ringi za kumi, zisingesaidia. Dawa yake ilikuwa kuchonga silinda na kufunga pistoni na ringi za 0.25.

Jihadhari na ujanja wa kuchukua ringi ya ovasaizi na kuikata iingie kwenye silinda ya standadi. Ringi hiyo haitengenezi duara sawasawa na silinda, hivyo itavujisha.

Mwanya ukiwa mdogo

Huu unarekebishika. Tumia tupa laini, piga ncha moja tu, ukienda kutoka ukingo wa nje kuelekea ndani ili krome isibanduke. Piga kidogo, pima, piga tena. Ukipitiliza hakuna kurudi nyuma. Mwishoni ondoa makali kwa msasa laini, taratibu.

Kwenye ringi ya oili, pima zile bamba mbili nyembamba. Springi yake ya katikati usiikate kamwe. Ncha zake zinakutana, hazipandani.

Wakati wa kufunga

Upande wenye alama au herufi unatazama juu. Mianya isipangane mstari mmoja, itenganishe kwa theluthi ya duara. Paka oili safi. Kisha kwa kilomita 500 za mwanzo usibebe matenga mawili mlimani wala kuvuta mafuta hadi mwisho. Ringi na silinda zinahitaji muda wa kuzoeana.

Kama una pampu ya umwagiliaji ya petroli ya mipigo minne, kanuni ni hii hii, ila vipimo fuata kitabu chake.

Ushauri wangu: kikundi chenu kinunue fila moja, na kazi hii ifanyike kabla ya msimu wa mavuno. Ukienda gereji, mwambie fundi kwa heshima, "Tupime kwanza mwanya, juu na chini." Fundi mzuri hatakasirika. Akikuambia haina haja, ringi bado ziko mkononi mwako. Chukua, tafuta fundi mwingine.