Usomaji wa DNA kwa vipande virefu wafichua maradhi adimu

KWA wazazi wengi ambao watoto wao wana maradhi adimu ya kurithi, mateso huanza na kukosa jina la ugonjwa wenyewe. Huzunguka hospitali moja hadi nyingine kwa miaka, huku vipimo vikirudi bila jibu.

Sababu moja ni jinsi DNA inavyosomwa. DNA ya binadamu ina takriban herufi bilioni 3. Mashine zilizozoeleka husoma vipande vya herufi 150 hivi, kisha kompyuta huviunganisha.

Ni sawa na kukirarua kitabu kuwa vijikaratasi, kisha kujaribu kukipanga upya. Pale ambapo maneno yale yale yamerudiwa mfululizo, ni vigumu kujua yalirudiwa mara ngapi.

Baadhi ya maradhi hujificha papo hapo. Katika ugonjwa wa Fragile X, unaoathiri uwezo wa mtoto kujifunza, herufi tatu katika jeni moja hurudiwa zaidi ya mara 200. Marudio hayo hupita herufi 600, hivyo kipande cha herufi 150 hakiwezi kuyafikia mwanzo na mwisho.

Mbinu mpya husoma maelfu ya herufi kwa mfululizo. Katika mashine za kampuni ya Oxford Nanopore ya Uingereza, uzi wa DNA hupenyezwa katika kitundu kidogo mno chenye mkondo wa umeme. Herufi zinapopita, mkondo hubadilika, na kompyuta huzitambua kwa mabadiliko hayo.

Mnamo Januari 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakiongozwa na Dkt Euan Ashley, walieleza walivyoitumia mbinu hiyo kwa wagonjwa mahututi 12. Watano kati yao walipata jibu, mmoja akilipata saa 7 na dakika 18 tu baada ya damu yake kufika maabara.

Kasi hiyo ina maana kubwa. Moyo uliodhoofika kutokana na uvimbe huweza kupata nafuu, ilhali uliodhoofishwa na kasoro ya jeni huenda ukahitaji kubadilishwa. Daktari hana budi kujua mapema.

Hata hivyo, kuutambua ugonjwa si kuutibu, na maradhi mengi adimu hayajapata dawa. Lakini familia inayojua jina la ugonjwa huepuka vipimo visivyo na faida, na huweza kujua iwapo mtoto atakayefuata yumo hatarini.