Ubao Mmoja, Kilo Mbili Tofauti: Mkitaka Kupaa Baharini Wawili

Tuanze na swali la chumbani. Wewe na mwenzi wako mna kilo ngapi kila mmoja? Usicheke, na tafadhali usipunguze. Mwezi huu kilo zenu ndizo zitakazoamua kama safari yenu ya Paje itakuwa ya raha, au ya kununiana mpaka mnapanda boti ya kurudi.

Kuna mchezo umeshaingia Unguja, unaitwa wingi foili. Mtu anasimama juu ya ubao, mikononi ameshika bawa la kitambaa ambalo kingo zake zimejazwa upepo kama tairi. Chini ya ubao kuna mlingoti, na mwisho wa mlingoti kuna kijibawa kigumu kinachopita ndani ya maji. Hicho ndicho foili. Ukishika mwendo, kinafanya kazi ileile ya bawa la ndege: kinakunyanyua. Ubao unatoka majini na wewe unapaa, futi mbili hivi juu ya maji, kimya kabisa. Kampuni kama Duotone na Naish zilianza kuuza mabawa haya mwaka 2019, na kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 mashindano ya kaiti na yale ya mbao zenye tanga yote yalichezwa kwa foili. Kwa hiyo si mambo ya watalii wachache waliochoka na maisha.

Mtaniuliza, mhariri wa Majengo, Dodoma, na bahari wapi na wapi? Kweli, sisi tunajua zabibu na ubuyu. Lakini tangu treni ya SGR ianze kufika huku mwaka 2024, mtu anaondoka Dodoma asubuhi, mchana yuko Dar, na akiwahi boti, jioni anakula urojo Forodhani. Na upepo je? Upepo tunao wa kugawa bure!

Kwangu balaa lilianza pale mume wangu alipopewa bawa na mfanyakazi mwenzake aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Bawa la mita 5 za mraba, rangi ya chungwa, na pampu yake. Jumapili moja tukaenda nalo kwenye uwanja wa wazi nje ya mji. Msituone vichaa, walimu wengi huanza hivyohivyo nchi kavu: unajifunza kulishika juu ya kichwa, kuligeuza, na kulilegeza likitaka kukuvuta. Watoto wakatuzunguka wakidhani ni mwavuli wa kampeni. Vumbi lilituingia mpaka kwenye meno, lakini baada ya saa moja mikono ilikuwa imeelewa. Kitu kimoja tu ukumbuke: Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Upepo uleule ukikukuta ufukweni unavuta kwa nguvu zaidi, kama asilimia kumi hivi. Usiende Paje na ubabe wa uwanjani.

Bawa tunalo, ubao hatuna. Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika.

Mwenzangu akaona kwenye simu mtu anauza ubao wa mkono wa pili, mweusi, mwembamba, wa kupendeza kweli. Lita 75. Yeye ana kilo 92. Akataka tutoe fedha tuliyokuwa tunaiweka kwa ajili ya miaka kumi ya ndoa yetu.

"Mume wangu, lita 75 utasimama wapi?"

"Mama watoto, wale wote wa kwenye video wanatumia vidogo."

Na ni kweli wanatumia vidogo, kwa sababu wanajua. Hebu tupige hesabu, haihitaji chuo kikuu. Lita moja ya ujazo wa ubao inabeba takribani kilo moja. Chukua kilo zako, ongeza vifaa vyenyewe, maana ubao na foili yake vinaweza kufika kilo 12. Mume wangu hapo ni kilo 104 juu ya lita 75. Akisimama bila mwendo anazama na ubao wake, maji kiunoni, huku bawa linapigwa na mawimbi. Mtaalamu anajua jinsi ya kutoka hapo: anaanzia magotini, anapata mvuto wa bawa, ubao unaibuka, kisha anasimama. Anayeanza anameza maji ya chumvi mchana kutwa, na jioni anamfokea mkewe.

Kanuni ambayo walimu wengi wanaifuata ni hii: anayeanza achukue kilo zake aongeze 30 hadi 40, hiyo ndiyo lita zake. Mume wangu basi ni lita 122 hadi 132. Mimi mwenye kilo 61 (nimesema, na nimeandika) ni lita 91 hadi 101. Ukishazoea, ukawa unapaa na kugeuka bila kuanguka, unashuka mpaka kilo zako na 10 au 20. Chini ya kilo zako mwenyewe, hiyo ni ya wakubwa.

Basi kuna watakaosema, kama ni hivyo si nichukue lita 150 nistarehe? Hapana, shosti. Mtu wa kilo 61 juu ya ubao wa lita 150 ni kama kwenda Soko la Majengo na lori kununua fungu la nyanya. Haukuangushi, lakini haugeuki, upepo unausukuma unakotaka, na hata kuubeba kutoka nyumbani mpaka majini ni adhabu. Lita si kila kitu pia. Angalia upana: sentimita 70 na zaidi unampa anayeanza utulivu anapopiga magoti.

Sasa suala la wawili. Wapenzi wengi wananunua ubao mmoja "wetu". Inasikika vizuri kama pete. Ukweli wake ni kwamba mmoja yuko majini na mwingine yuko mchangani ameshika taulo saa mbili nzima, na mara nyingi unajua nani. Kama ni lazima mmoja, chagueni kwa kilo za aliye mzito, halafu aliye mwepesi atumie bawa dogo zaidi. Sisi bawa letu la mita 5 linanifaa mimi upepo ukiwa wa kadiri. Yeye anahitaji la mita 6 au zaidi. Nilimwambia hivyo akanyamaza siku nzima, maana zawadi ilikuwa yake.

Ushauri wangu: msinunue, kodini. Seti kamili mpya huko Ulaya kwa kawaida inapita euro 2,000, bado usafiri na ushuru. Paje kuna shule zenye mbao za lita mbalimbali, na ndani ya wiki moja unaweza kuanza na kubwa ukamalizia na ya kati. Ubao wa anayeanza unaukinai upesi. Kuutia hela za ndoa ni sawa na kumnunulia mtoto viatu vya bei mbaya.

Mkishikilia kununua, basi wa mkono wa pili mkague kwa macho na vidole. Bonyeza juu kwa dole gumba. Panapobonyea, pameoza ndani. Angalia mitaro miwili ya chini inayoshika mlingoti, nyufa huanzia hapo. Upime kwenye mizani: ukiwa mzito kuliko ulivyoandikwa kiwandani, umekunywa maji. Kuna pia mbao za kujaza upepo zinazokunjwa kwenye begi. Kwa mtu wa Dodoma anayebadilisha treni, boti na daladala ni rahisi mno, na ukijigonga hazikuumizi sana, ila hunesa kidogo ukianza kupaa, hasa kwa mwili mkubwa. Upande wa foili, anayeanza achukue kijibawa kikubwa cha mbele, sentimita za mraba 1,500 au zaidi. Kinanyanyua kwa mwendo mdogo, na ukianguka unaanguka kwa upole.

Halafu kuna bahari yenyewe. Kusi huvuma kuanzia Juni mpaka Septemba, kaskazi Desemba mpaka Februari. Anayeanza anahitaji upepo wa kilomita 25 hadi 35 kwa saa. Lakini Paje maji yakipwa yanakwenda mbali, unatembea kwa miguu mpaka karibu na mwamba. Mlingoti wa kawaida una sentimita 75 hadi 85, kwa hiyo maji ya magotini hayakufai hata kidogo. Utagonga mchanga au jiwe kwa mwendo wa pikipiki ya polepole. Uliza saa za maji kujaa kabla hujauliza bei ya chumba, na siku za bamvua uwe makini zaidi.

Na kuna mwani. Kilimo cha mwani pwani hii kilianza kibiashara mwaka 1989, Paje na Jambiani, na wengi wa wakulima ni akina mama. Vigingi na kamba zao viko kwenye maji hayahayo, maji yakijaa huvioni. Foili ni kisu. Ikipita juu ya kamba imekata ada ya shule ya mtoto wa mtu. Muulize mwalimu mashamba yako wapi, na ukimkuta bibi anarudi na gunia lake kichwani, shikamoo kwanza, kisha umpishe na ubao wako.

Foili ni kisu kwako pia. Ukianguka, jitupe mbali nayo, usiikumbatie. Kofia ngumu, jaketi la kuelea na kamba ya mguuni si mapambo.

Limebaki moja, na ndilo lililotufanya tuahirishe safari ya Juni. Mimi na mume wangu wote hatujui kuogelea. Tumekulia kwenye visima na ndoo, tungejulia wapi? Kuna rafiki alishauri tukajaribu Bwawa la Mtera, ni karibu. Mtera kuna mamba na viboko, asante sana. Tumepata bwawa la kuogelea la hoteli moja hapa mjini, Jumanne na Alhamisi jioni, mwalimu ni kijana wa Tanga asiye na huruma. Jana nimevuka upana wa bwawa bila kugusa chini. Mume wangu amefika katikati. Tumekubaliana kwamba hakuna kukodi ubao, wa lita 130 wala wa lita 95, mpaka wote wawili tuvuke urefu kwenda na kurudi. Tunalenga kaskazi ya Desemba.